Fundi Kivuti na Suruali Kumi na Saba

Mtu akitaka habari isambae Runyenjes yote kabla jua halijafika utosini, alimwambia Kivuti wa Munyi kisha akamsihi asimwambie mtu. Kivuti hakuwa mmbea, wala hakupenda kumharibia mwenzake jina. Ila neno likishamwingia moyoni lilimwasha kama upupu, hakuwa na raha mpaka alitoe. Uongo nao haukumkubali kabisa. Akisema jambo lisilo la kweli, kwikwi ilimshika papo hapo, kwikwi ya kutingisha mabega. Wambeti, mkewe, alipomuuliza jambo hakuwa na haja ya kumtazama usoni. Aliendelea kuchambua maharagwe yake na kutega sikio tu.

Huyu ndiye mtu ambaye Sajini Njagi wa polisi alimchagua awe mpelelezi, mwaka wa 1968.

Kivuti alikuwa fundi wa nguo. Kazi aliifundishwa misheni akiwa kijana, na kwa miaka kumi na mmoja cherehani yake ya miguu ilikaa kwenye baraza ya duka la Velji, pale sokoni. Watu walinunua kitambaa ndani, wakatoka hatua mbili, wakapimwa na Kivuti nje. Velji mwenyewe alikuwa Mhindi mwembamba aliyezaliwa Embu mjini, na Kiembu alikisema vizuri kuliko vijana wengi waliosoma, ingawa kwa kuzozana alipenda Kiswahili chake cha kuvunjikavunjika. Mkewe, Kanta, alikuwa mpole na mwenye kicheko cha chinichini. Lakini Velji na Kivuti! Hao walizozana tangu duka lilipofunguliwa mpaka lilipofungwa.

"Fundi! Uzi wangu naisha kama maji. Wewe nakula uzi?"

"Nakula, Bwana Velji. Na chumvi kidogo."

"Na mikasi yangu iko wapi?"

"Mikasi nimeila jana."

Watu waliokuja kuuza ndizi na kahawa walikuwa wakisimama kidogo kuwasikiliza, kisha wakaendelea na safari yao wakiwa wachangamfu. Wenyewe wawili hawakujua kwamba wanawaburudisha watu. Walidhani wanagombana kweli.

Kwa sababu ya ugomvi huo, siku moja Gichovi alikuja kupimwa koti. Gichovi alikuwa na hoteli ya chai upande wa pili wa barabara, na alikuwa akitafuta kiti cha udiwani. Kivuti alipozungusha futi kifuani mwake, Gichovi aliinama akamnong'oneza.

"Kivuti, huchoki kutukanwa na huyu Mhindi? Jumapili baada ya kanisa, njoo chumba cha nyuma cha hoteli yangu. Kuna wazee tunapanga jambo. Usimwambie mtu."

Kivuti aliitika. Jioni ile, kabla ugali haujageuzwa, Wambeti alikuwa ameshajua. Kesho yake asubuhi Sajini Njagi alikuja kushonewa kifungo, naye akaambiwa.

Sajini alikuwa mtu mzito, mwenye masharubu na subira nyingi. Alingoja mpaka kifungo kikaisha kushonwa.

"Kivuti," akasema, "kwa miezi miwili nimekuwa nikisikia kwamba kuna kitu kinapikwa mle ndani, na sijapata mtu wa kuingia. Wewe utaingia."

"Mimi, Bwana Sajini? Mimi siwezi siri!"

"Ndiyo sababu. Hakuna atakayekushuku. Nenda, sikiliza, kisha uniambie mimi peke yangu. Mimi tu. Umesikia?"

"Na Wambeti?"

Sajini alifikiri. Alimjua Wambeti. "Basi. Na Wambeti."

Jumapili ile Kivuti aliingia chumba cha nyuma. Kulikuwa na jua kali nje, lakini mapazia yalikuwa yamefungwa na taa ya chemli imewashwa, hata jasho likawatiririka wote. Walikuwa wanaume kumi na sita, na yeye wa kumi na saba. Hakuna hata mmoja asiyemjua mwenzake: walikuwa wametoka kuimba pamoja kanisani nusu saa iliyopita. Hata hivyo Gichovi aliamuru kwamba humo ndani hakuna majina ya ubatizo, kila mtu ana jina la siri. Yeye alikuwa Simba. Chui, Nyati na Kifaru walikuwa wameshachukuliwa, na wazee wawili walikuwa hawasemezani kwa kugombea jina la Ndovu. Kivuti, kwa kuwa alichelewa, alipewa Kobe.

"Kobe, inua mkono uape. Sema: sitatoa siri ya chama hiki kwa mtu yeyote."

Kivuti aliinua mkono. "Sitatoa siri ya — *hik!* — ya chama hiki kwa — *hik!* — mtu ye— *hik!*"

Wazee wakatazamana. Gichovi akamwekea mkono begani, machozi yakimlengalenga machoni.

"Mmeona, wazee? Ni uchungu. Miaka kumi na mmoja ya uchungu inamtoka."

Wakampa chai.

Kisha Gichovi akasema waliloitiwa. Kwamba uhuru umekuja lakini soko bado ni la Mhindi. Kwamba damu ya Mhindi haiwezi kuwa ya Kenya hata akila githeri, mahindi na maharagwe yetu, miaka mia. Cheti cha uraia alichokitundika Velji ukutani ni karatasi tu, na karatasi hugeuza rangi ya ngozi lini? Watawaondoa wote, kuanzia huyu, na maduka watagawana. Wengine walipiga meza. Kifaru, ambaye alikuwa mzee wa kanisa, aliangalia miguu yake.

"Kobe," Gichovi akamgeukia, "wewe hapo unapewa chai na Mhindi. Unanywea kikombe gani?"

"Cha bati," Kivuti akasema. "Kinatundikwa msumarini, nje."

"Na yeye?"

"Cha udongo. Ndani."

Kwikwi haikuja, maana ilikuwa kweli tupu.

"Tukimaliza," Gichovi akasema, "duka lile ni lako na langu. Utakaa ndani, nyuma ya kaunta."

Siku ile Kivuti alikwenda nyumbani polepole. Ni lazima tuseme ukweli: alikiwaza kile kiti cha nyuma ya kaunta. Julai ya Runyenjes, ukungu ukishuka kutoka mlimani, vidole vya mshona nguo hufa ganzi barazani mpaka sindano isishikike. Alimwambia Wambeti yote, na hilo pia.

Wambeti alikuwa ametoka Siakago, kwa Wambeere, na huko watu hawazungushi maneno. "Kikombe cha bati ni kitu cha kumwambia Velji," akasema. "Si kitu cha kumwambia Gichovi."

Ikabaki shida ya kupeleka habari. Sajini hakutaka kuonekana akizungumza na fundi. Kivuti akabuni njia, na aliionea fahari sana. Alikuwa na daftari la vipimo vya wateja. Humo ndimo alimoandika ripoti, kana kwamba ni vipimo. Mkutano ukiwa na watu kumi na saba, aliandika "mguu, inchi 17". Barua ya malalamiko ikiwa imepata majina hamsini na mawili, aliandika "kiuno 52". Kila Jumatatu Sajini alikuja kupimwa suruali, akalisoma daftari huku amenyoosha mikono kando, na Kivuti akimzunguka na futi. Watu wakaanza kusema Sajini ana suruali nyingi kuliko mkuu wa wilaya.

Njia ilikuwa nzuri isipokuwa jambo moja. Mwalimu Bundi wa shule ya msingi alikuwa ameagiza suruali ya kijivu ya kuvaa siku ya ukaguzi, na Kivuti, akiwa na mawazo mengi, alifungua ukurasa usio wake. Mwalimu Bundi alikuwa mtu mrefu na mwembamba kama mti wa mgrevilea. Alipoivaa suruali ile, kiunoni wangeingia walimu watatu, na miguu iliishia juu ya magoti.

"Fundi," Mwalimu akasema kwa upole, akiwa ameishikilia kwa mikono miwili, "hii umemshonea nani?"

Kivuti alitaka sana kumwambia. Alikunywa maji, akatazama juu, akauma ulimi. "Nilikuwa na homa, Mwalimu. *Hik!*" Akamshonea nyingine bure.

Jumapili ya nne barua ilikuwa tayari. Gichovi aliisoma kwa sauti: wakazi wa Runyenjes wanaitaka serikali imwondoe mgeni huyu. Kisha akaipitisha, kila mtu aone ilivyo na majina mengi. Ilipomfikia Kivuti, alipitisha kidole chini taratibu kama anayekagua mshono. Jina la ishirini na tatu aliliona, akadhani macho yamemdanganya. *Munyi wa Kivuti.* Kando yake alama ya dole gumba.

Munyi alikuwa baba yake. Alikuwa amekufa mwaka wa 1959.

"Huyu Munyi…" akaanza.

"Ah, hayo!" Gichovi akacheka. "Majina yalipungua, nikaongeza ya wazee wetu. Hata wao wangetaka. Sasa sikilizeni. Jumamosi ya soko tunatoka kwa mwendo, wote na sare. Tunamsomea barua. Tunampa saa moja. Saa moja tu, achukue mke wake aende. Akikataa, kuna madebe mawili ya mafuta ya taa nyuma ya jiko langu, na ghala lake ni la mbao."

Mtu mmoja akakohoa. Akauliza, wakishaondoka Wahindi, itakuwaje?

"Wapo wengine," Gichovi akasema. "Msomali wa nyama. Hawa Wakamba. Hawa wa huko chini, wa Siakago, wanaojaa sokoni na mtama wao. Tutafika tu. Kidogo kidogo."

Hakukumbuka kwamba mke wa Kobe alitoka Siakago, au pengine alikumbuka na hakujali.

Neno lililomshika Kivuti lilikuwa *saa moja*. Mwaka wa 1954, wakati wa hali ya hatari, askari wa mkoloni walikuja kwao mlimani asubuhi wakasema vivyo hivyo: saa moja, kila mtu ahamie kijiji chenye ua wa waya. Baba yake alisimama katikati ya uwanja akizungukazunguka, hajui ashike nini. Alishika jembe, akaliweka. Akashika kiti. Mama aliteremka na chungu cha githeri kichwani, kingali kinachemka, mvuke unamfuata nyuma. Walipogeuka, paa lilikuwa linawaka. Munyi hakuwahi kulizungumzia tena mpaka anakufa. Na sasa amekufa, wamemshika dole gumba lake, wakamtia sahihi.

Kivuti alirudisha karatasi. Tangu dakika ile hakukiwaza tena kiti cha nyuma ya kaunta.

Gichovi akamwambia, "Kobe, sare ni kazi yako. Suruali za kaki na mashati ya kijani, za watu kumi na saba. Kitambaa utanunua popote palipo rahisi."

Na popote palipo rahisi palikuwa kwa Velji.

Velji aliposikia kiasi cha kaki kinachotakiwa, alivua miwani. "Fundi! Kwa nini kitambaa nyingi hivi?"

"Ni sare," Kivuti akasema. "Za kwaya. *Hik!*"

"Kwaya! Wanaume kumi na saba?" Velji akamwita mkewe kutoka nyuma. "Kanta, iko kwaya ya wanaume! Fundi, ambia wao wakuje waimbe hapa dukani. Mimi napunguza bei. Nataka kusikia."

"Watakuja Jumamosi," Kivuti akasema. Na hapo hakupata kwikwi.

Angeweza kumwambia. Lakini Sajini alikuwa amemwonya: Velji akijua atafunga duka, Gichovi atangoja wiki nyingine, na barua na mafuta havitaonekana tena. "Lazima niwashike navyo mkononi," Sajini alisema. "Jumamosi nitakuwa pale na askari wawili. Wewe shona tu."

Kivuti akashona, siku tano, mchana kutwa. Na kadiri alivyoshona ndivyo wazo lilivyomjia, kwanza kama mzaha, baadaye kama kazi. Kila fundi, kabla ya kushona nguo kwa cherehani, huishikiza kwanza kwa mkono, mishono mirefu ya uzi mwepesi, ili kitambaa kisicheze. Huko kunaitwa kupiga bandi. Nguo iliyopigwa bandi ikipigwa pasi inapendeza, huwezi kuitofautisha na iliyoshonwa. Hata ukitembea nayo hatua kwa hatua, inakaa. Ila usiiname, wala usinyooshe mkono kwa nguvu.

Suruali kumi na sita na mashati kumi na sita Kivuti aliyapiga bandi, akayapiga pasi ya makaa mpaka mikunjo ikakata kama panga. Ya kumi na saba, yake mwenyewe, aliishona mara mbili.

Jumamosi ikafika. Soko lilijaa mpaka barabarani: ndizi, nduma, miwa, kuku, wanawake wa Siakago na magunia yao ya mtama na kunde, Wambeti akiwa katikati yao akiuza vibuyu vya dada yake. Saa tatu Kivuti alimtafuta Sajini, hakumwona. Akaenda kituoni. Askari wa zamu akamwambia kumekuja habari alfajiri, ng'ombe thelathini wameibwa upande wa Manyatta, Sajini ameondoka na wenzake wawili.

"Nani alileta habari?"

"Mpishi wa Gichovi."

Kivuti akaelewa. Hapakuwa na ng'ombe wowote walioibwa. Alirudi sokoni mbio, na kabla hajafika alisikia filimbi. Chama kilikuwa kimeshatoka hotelini, kimepanga safu, kijani na kaki, Gichovi mbele na barua, Chui na Nyati wamebeba madebe. Watu waliacha biashara wakafungua njia. Walipendeza, lazima nikiri. Kivuti akajipenyeza kwenye nafasi yake mkiani.

Wakafika mbele ya duka. Wakasimama. Velji akatoka, akawaona, uso ukamng'aa.

"Karibuni! Karibuni sana!" Akaweka viti viwili barazani. Kanta akaja amevaa sari ya sherehe, wakakaa wote wawili, mikono magotini, wakitazama mbele kama watu waliolipia tikiti. "Anza tu," Velji akasema. "Wimbo wa kwanza."

Umati ukacheka. Gichovi hakuwa amejiandaa kwa hilo. Alisafisha koo, akafungua barua, akaanza kusoma kwa ukali. Velji alisikiliza kichwa kikiwa upande, akingoja sauti za pili ziingie. Ni Kanta aliyeelewa kwanza. Alimshika mumewe kiwiko, na tabasamu likamfutika usoni.

"…na sisi tuliotia sahihi," Gichovi akanguruma, "wakazi wa hapa! Nyaga wa Ireri! Kathuri wa Mbogo! Munyi wa Kivuti…"

"Ngoja!" Sauti ilitoka kwenye ndizi. Alikuwa Nyanya Igandu, bibi mdogo wa mwili aliyeogopwa na watu wote. "Umesema Nyaga wa Ireri?"

"Ndiyo, nyanya. Mumeo."

"Mume wangu nimemzika miaka sita iliyopita, na wewe ulikula nyama ya matanga! Amekuja lini kutia kidole?"

Minong'ono ikazagaa. Kivuti alijua kwamba sasa ndiyo sasa. Alitoka mkiani akasimama mbele ya watu wote.

"Na Munyi ni baba yangu," akasema. Sauti yake ilikuwa ndogo, ila soko lilikuwa limenyamaza. "Alikufa mwaka wa hamsini na tisa. Mlimjua. Huyu hakuandika. Hawa wanataka kumpa Bwana Velji saa moja atoke, na akikataa wachome. Yale madebe ni mafuta ya taa. Nyinyi mnakumbuka saa moja. Nani hapa hakupewa saa moja?"

Akangoja kwikwi. Haikuja. Watu wote waliomjua Kivuti walikuwa wakiingoja pia, na ilipokosa kuja, wakajua kila neno ni la kweli.

"Msaliti!" Gichovi akapiga kelele. "Simameni imara! Simba wa Runyenjes…" akainua mikono yote miwili juu kwa nguvu.

*Traaa.* Mikono ya shati ikabaki imening'inia vifundoni mwa mikono yake kama soksi. Hakuelewa. Akainama kuokota barua iliyomponyoka, na hapo suruali ikafunguka kutoka kiunoni nyuma mpaka kiunoni mbele, ikaanguka vipande viwili, kimoja kila upande. Chui akacheka, hakuweza kujizuia, na kwa kule kucheka vifungo vyake vikaenda na kifua cha shati. Nyati aliweka debe chini ili akimbie. Hatua ya kwanza ilimwacha na mkanda tu. Baada ya dakika moja wazee wa chama walikuwa wamejishika mbele na nyuma, kila mmoja akimwomba mwenzake asisogee, na hakuna aliyekuwa na mkono wa kushikia debe. Soko lote lilianguka kwa kicheko. Kuku walitoroka bila mtu wa kuwafukuza. Wanawake walikaa chini barabarani, wameshika mbavu.

Wambeti ndiye hakucheka. Alivuka umati, akanyanyua madebe yote mawili, moja baada ya jingine, akayatia ndani ya duka la Velji na kuyafungia humo kwa kufuli. Kisha akaja akasimama kando ya mumewe.

Saa saba Sajini Njagi alirudi kwa baiskeli, mavumbi mpaka masharubuni, amekasirika. Alikuta barua chini ya makalio ya Nyanya Igandu, aliyekuwa ameikalia ili isipotee, na watuhumiwa katika chumba cha nyuma cha hoteli, wamejifunga vitambaa vya meza. Gichovi alishtakiwa kwa kughushi sahihi na kupanga kuchoma duka, akafungwa miezi minane. Wengine walionywa na hakimu, na wakaonywa zaidi na wake zao.

Velji hakusema na Kivuti siku tatu. Siku ya nne alikuja barazani.

"Ulijua," akasema kwa Kiembu, maana jambo lenyewe lilikuwa zito. "Wiki nne ulijua. Ukaniambia ni kwaya."

"Nilijua."

"Nilivaa tai. Kanta alivaa sari."

"Ni kosa langu, Bwana Velji. Nisamehe." Kivuti akaweka chaki chini. "Lakini mle ndani walisema mambo mengi ya uongo na moja la kweli. Waliniuliza nanywea kikombe gani."

Velji alitazama msumari. Masikio yake yalibadilika rangi. Mchana ule Kanta ndiye aliyetoka, akachukua kile kikombe, na chai ikaja katika cha udongo kama vile vyao, na Velji akaja na chake wakanywa pamoja. Wiki iliyofuata Velji aliwaita wachukuzi wawili wakaingiza cherehani ndani ya duka, karibu na kaunta, mahali penye joto. Kivuti alivumilia siku kumi. Ndani kulikuwa na giza, hakuona nani anapita, habari zilimpita mlangoni bila kumsalimu. Siku ya kumi na moja aliomba arudishwe nje, na Velji akamwambia kwamba hajawahi kuona mtu mgumu namna hii tangu azaliwe, na kwamba uzi unaisha. Watu wa ndizi walisimama kidogo.

Sajini alijaribu kumpa kazi nyingine ya upelelezi, ya wizi wa kahawa. Kivuti alikubali asubuhi, na kufikia mchana wezi walikuwa wameshaambiwa na binamu zao. Hakupewa nyingine.

Gichovi alipotoka gerezani alikaa mwaka mzima bila kupita upande ule wa barabara. Kisha binti yake Wanja akachumbiwa, na mafundi wengine walikuwa na kazi nyingi. Alikuja akasimama mbali na cherehani. Kivuti akamwona, akavua futi shingoni.

"Karibu, Baba Wanja. Ni koti au suti nzima?"

"Suti," Gichovi akasema. Alipopimwa kifua alitazama ukutani. "Utashona vizuri, Kivuti?"

"Nitashona mara mbili," Kivuti akasema, na Gichovi akasikiliza kwa makini kwa muda mrefu, kisha mabega yake yakalegea.

Miaka ikaenda. Watoto wa Velji walisoma wakaenda Nairobi na wengine ng'ambo. Wazee wenyewe walibaki Runyenjes mpaka mwisho wao. Kivuti na Wambeti walipanda majani chai kwenye nusu eka ya juu, na binti yao Wamuyu akajifunza kushona magauni, akawa hodari kuliko baba yake, jambo ambalo Kivuti alimwambia kila mtu aliyepita. Macho yalipoanza kumsumbua Kivuti, alimwachia binti cherehani, yeye mwenyewe akawa mtu wa shambani. Jioni, mvua za Aprili zikiisha, utamkuta amekaa na Wambeti kwenye ngazi ya jikoni, sufuria ya muthokoi, mahindi yaliyokobolewa, motoni, wakimenya kunde ndani ya beseni moja. Yeye anasema, mke anasikiliza. Ukipita njiani atakuita kwa jina, atasogea kando upate mahali pa kukaa, na atakuuliza kwanza kama umekula.